Mdomo wa Kumlishia Baba

Tangu baba yake apooze, fundi wa mageti hakuwa na maisha. Kumgeuza mzee, kumwosha, kumbadilisha nepi, kumlisha: yote yeye. Karakana ilifungwa, mashine ya kuchomelea ikashika kutu, na dada zake wakawa hodari wa kutuma pole kwa simu.

Mwishowe alimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hata wiki haikuisha, muuguzi akapiga simu. Mzee amefunga mdomo kama kufuli, hakubali kulishwa na mtu yeyote. Asipokula leo mchana, mwanawe aje amchukue.

Fundi alienda roho juu. Alimkuta mzee ameegemezwa mito, macho mlangoni. Akachukua bakuli la supu, akaanza kumlisha. Mzee akala bila taabu, kijiko baada ya kijiko.

"Anakukomoa huyu, kaka," muuguzi akasema nyuma ya barakoa yake.

Fundi alijua maana yake. Nyumbani tena, chumba kile kile, harufu ile ile, mpaka mmoja wao atangulie. Akakirudisha kijiko bakulini.

Lakini muuguzi alikuwa akimtazama yeye, si mzee. Akacheka.

"Hebu mlishe tena. Mbona anayefungua mdomo ni wewe?"

Kweli. Kila kijiko kilipopanda, fundi aliachama kama kinda, na mzee akamfuatisha. Alianza lini, mwenyewe hakujua. Na pale ndani wauguzi wote walivaa barakoa.

Muuguzi akavuta kiti, akaishusha barakoa hadi kidevuni, akachota supu, akaachama. Mzee akamkodolea macho. Kisha akamgeukia mwanawe, akamtazama kwa macho ya mtu aliyeuzwa sokoni. Fundi akaubana mdomo wake kwa nguvu zote. Mzee akarudi kwa muuguzi, akafungua wa kwake.

"Haya, nenda," muuguzi akasema. "Ukikaa hapa atakutafuta wewe tu."

Fundi aliondoka bila kuaga, asije akarudi nyuma.

Kesho yake alifungua karakana. Mchana akaja mteja kuulizia geti lake, akabaki amesimama mlangoni akimshangaa.

"Vipi fundi, jino linauma?"

Fundi akafunga mdomo, akainamia chuma chake. Kabla hajawasha mashine, ulikuwa umefunguka tena.