Shangazi Anataka Ufunguo

Felismina alishuka kwenye lori pale Hatobuilico, chini ya mlima Ramelau, magoti yamekufa ganzi na nywele zimejaa vumbi. Alikuwa mkunga mjini Dili. Mwaka nenda mwaka rudi aliwapokea watoto wa wenzake na kuwalea wadogo zake. Sasa alitaka kitu kimoja tu: chumba chenye mlango, alale peke yake, na alfajiri apande mlima bila kumngoja mtu.

Kwenye baraza ya nyumba ya wageni alimkuta msichana malae, mgeni wa ng'ambo, mwenye begi kubwa mgongoni. Abilio, mwenye nyumba, mtu wa mvi nyingi, alikuwa akimkabidhi ufunguo huku meno yote yakiwa nje. Hakumwuliza mumewe yuko wapi.

Zamu ya Felismina ilipofika, kicheko kilikatika.

"Dada, uko na nani?"

"Na miguu yangu."

"Namaanisha, mume yuko wapi?"

"Sina. Nipe chumba."

"Kaka je? Au umetumwa na padri?"

"Yule malae umemwuliza kaka yake yuko wapi?"

"Malae hawana watu, maskini. Ndiyo maana wanalala huku. Wewe una ukoo. Mtu wetu akilala hapa watasema kafukuzwa kwao. Au mabaya zaidi."

"Mabaya gani? Yataje."

Felismina alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa amevuka mito iliyofurika kwenda kuzalisha wake za watu, na hakuna aliyemwuliza uko na nani. Leo anatembea kwa ajili yake mwenyewe, amekuwa mtuhumiwa!

"Nyumba yenu ya ukoo iko wapi?" Abilio aliuliza, sasa kwa upole wa mtu anayetandaza wavu.

Swali hilo halikataliwi. Kulikataa ni kuwakana wazee wako. Felismina akajibu shingo upande, akamtaja na baba yake, marehemu Tito. Abilio akafumba macho, akahesabu kwa vidole, akapiga kofi.

"Tito! Kitinda mimba! Yeye na babu yangu tumbo moja! Basi umefika nyumbani. Utalala kwa mama, pamoja na wajukuu. Leo tunapukuchua mahindi na mikono imepungua."

"Nimekuja kupanda mlima, sikuja kupukuchua mahindi!"

"Mlima hauhami, dada."

Wanawake waliokuwa wakianika kahawa uani wakaangua kicheko.

"Mchukue, amekonda!"

"Na tumtafutie mume kabla hajapanda. Huko juu baridi!"

Malae, asiyeelewa neno, naye akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomaliza subira ya Felismina. Akaweka begi chini.

"Hebu rudia hesabu yako. Baba yangu na babu yako tumbo moja?"

"Tumbo moja!" Abilio alijibu kwa fahari, mbele ya wote.

"Basi mimi na baba yako ni nani?"

Mwanika kahawa mmoja akajibu kwa niaba yake: "Kaka na dada, Abilio. Sema."

"Na kwako wewe?"

Abilio akakuna mvi zake. "Shangazi," alisema, kama mtu anayetema mbegu.

"Tangu lini mtoto akamwuliza shangazi yake anatembea na nani?"

Uani walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa na mwelekeo mwingine.

"Shangazi yako anataka ufunguo. Na uulete kwa mikono miwili."

Akauleta kwa mikono miwili, akainama, akambusu mkono, masikio yamemwiva.

"Lakini shangazi, pesa yako nitaichukuaje?"

"Kama ulivyochukua ya malae." Akaiweka mezani, akaingia ndani, akajifungia.

Kabla hajavua viatu, mlango ukagongwa.

"Shangazi! Mama anakuchinjia kuku!"

"Shangazi, watoto wamekuja kukusalimia!"

Nyayo zilijaa barazani. Ukoo mzima ulikuwa unakuja. Chumba cha pili malae alikuwa ameachwa kwa amani kama mfalme. Felismina alikaa kitandani. Mgeni wa mbali anapewa upweke bila kuuomba, na yeye, mwenye nchi, lazima augombanie kama mwizi!

"Shangazi, umelala?"

"Nimelala!" alipaza sauti, jua likiwa bado juu ya mlima.

Kisha akakikokota kitanda mpaka mlangoni, akauzuia mlango nacho.