Foleni ya Sindano

Wifi yangu huitwa Daktari, na ukimwita vingine haitiki. Kazi yake ni kuandika kadi mapokezi, kwenye kliniki ya wajawazito: jina, umri, mimba ya ngapi, pita ukae. Miaka sita ya kushika kalamu karibu na madaktari, basi keshahitimu! Debe tupu, lakini ukoo mzima unalisikiliza.

Mimi ni fundi cherehani, na nina ugonjwa wa uvimbe wa utumbo. Nilishakatwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, na daktari wa kweli, yule aliyesoma, aliniambia, "Pale ndipo mwili unapofyonza vitamini B12. Vidonge vya kawaida havitakutosha. Utachomwa sindano kila mwezi, na ukipata mimba ndiyo kabisa usikose. Mtoto ataitegemea."

Mimba ikaja. Mama mkwe aliponiona nakimbilia chooni mara sita kwa siku, akasema nadeka. Mume wangu akakubali. Huyo hukubaliana na aliyesema mwisho. Bendera ina msimamo kuliko yeye.

Siku ya kwanza kliniki, wifi akanikuta kwenye benchi la wagonjwa maalumu, limejaa pomoni. Akaninong'oneza kama anayenigawia ufalme, "Wifi, ukae na watu mpaka alasiri na mimi nipo? Ngoja nikutolee kadi." Akaichomoa kwenye rundo la wagonjwa maalumu, akaiweka juu kabisa ya rundo la kinamama wa kawaida. Dakika kumi tu, niko nje na mfuko wa vidonge vya vitamini vya kuongeza damu.

"Na sindano?" nikauliza.

Akacheka. "Vitamini ni vitamini. Ikipitia matakoni ndiyo inapata cheo?"

Nami mjinga, mwenye nguo za wateja zinazonisubiri, nikashukuru. Miezi minne nashukuru! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ulimi ukaanza kuwaka. Nyayo zikafa ganzi, kisha vidole. Kila nikilalamika, Daktari wetu anajibu, "Mimba hiyo, usijidekeze." Halafu siku moja nashona gauni jeupe la bibi harusi, mteja akapiga yowe. Sindano ya cherehani ilikuwa imepenya kidoleni, damu imetapakaa kwenye lesi, nami naendelea kukanyaga mashine. Sikusikia kitu.

Asubuhi yake nikaenda moja kwa moja kwa daktari wa kweli. Akapekua kadi. "Nani alikuhamisha rundo? Hivi vidonge vimepandisha damu kidogo, vikatufumba macho tusione upungufu wa B12, kumbe mishipa ya fahamu inaharibika chini kwa chini."

"Na mtoto?"

"Mdogo kuliko miezi yake. Amecheza lini mara ya mwisho?"

Nikahesabu siku. Siku tatu nilikuwa sijamsikia, na sikujua kama ni yeye aliyenyamaza au ni mimi nisiyesikia tena. Akaweka chombo tumboni, akatafuta, akatafuta. "Moyo unapiga," akasema hatimaye. "Nenda benchi la sindano. Leo hii."

Nikawa mtu wa ishirini na tatu. Sijakaa vizuri, wifi huyo, mkono kwenye rundo la kadi. "Jamani wifi, mambo gani haya ya kujitesa? Ngoja nikutolee kadi."

"Kadi yangu usiiguse!" Nilisema kwa sauti, benchi zima likageuka. "Iache chini ya rundo, hapo hapo chini. Miezi minne umenipitisha mbele ya watu, ukampitisha na mtoto wangu karibu na kaburi. Wewe andika majina, mama. Hayo ndiyo uliyosomea."

Akabetua mdomo. "Kweli, tenda wema nenda zako."

"Nenda basi."

Akaenda. Nikakaa na wenzangu, njaa inauma, nyayo ganzi tupu. Nesi alipomwita mtu wa kumi na tisa, kitu kikanigonga chini ya kitovu. Kikanigonga tena. Nikalishika tumbo kwa mikono miwili nikalia mbele za watu wote, na nafasi yangu sikuiacha.