Phonie ya Saa Nne

Mwaka ule wa 1994, hospitali ya Panda, kambi yetu ya wafanyakazi wa migodi mjini Likasi, ilikuwa imebaki na kuta na muuguzi Alphonse. Madaktari walikwisha kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Aliyetaka daktari alikwenda parokiani saa nne asubuhi, kwenye phonie, redio ya masista iliyofungwa kwenye betri ya gari. Alphonse anamsomea Dokta Michée ugonjwa, naye anataja dawa kutoka Lubumbashi, kila mmoja akimaliza kwa “À vous”, yaani zamu yako. Hatukuwahi kumwona uso. Tulimwamini kwa sababu hatukuwa na mwingine.

Ubaya wa phonie ni kwamba haina siri. Parokia zote zilisikia pamoja, kwa hiyo tulijua nani ana kisonono Kolwezi na nani Kambove amekataa vidonge. Watu waliwahi benchi la pale parokiani, wengi wao bila mgonjwa, kusikiliza tu. Nami nilikwenda hivyo hivyo, nikicheka nao. Mungu anisamehe.

Jumanne moja ya Mei mgonjwa alikuwa mdogo wangu Danielle, miaka kumi na minane, amejikunja kwa maumivu ya tumbo upande mmoja. Mama yetu, Bibiane, kiongozi wa kwaya, alikuwa amemshika mkono. Gari la masista lilikuwa na mafuta ya safari moja ya Lubumbashi, na walikwisha kusema: dokta akitaja upasuaji, linaondoka hapo hapo.

Alphonse alisoma: homa hakuna, anatapika, kizunguzungu. Sauti ya dokta ikarudi na mikwaruzo.

“Siku zake za mwezi, aliona mara ya mwisho wakati gani? À vous.”

Benchi lote likamgeukia Danielle. Danielle akanitazama mimi, si mama. Mimi peke yangu nilijua: miezi miwili hakuona kitu. Na Hilaire, mchumba wake, alikuwa hajakanyaga Likasi tangu Noeli. Mama yake Hilaire hakukosa phonie ya Kolwezi hata siku moja.

Mama akachukua kipaza sauti mkononi mwa Alphonse.

“Docteur, huyu iko mutoto. Hayayua bado mwanaume. Minye niko mama yake. À vous.”

Neno moja tu, mimba, na dokta angetaja upasuaji, gari lingewashwa. Nikaangalia viatu vyangu.

Dokta akaagiza dawa ya minyoo, apumzike, aletewe habari kesho. Tukamrudisha nyumbani kwa baiskeli. Alikufa kabla jua halijazama, midomo myeupe, tumbo limevimba kwa damu yake mwenyewe: mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ikapasuka.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Aliyeficha ni mimi, na kifo kikamchukua yeye.

Kesho yake mama hakuweza kuinuka mkekani. Nilikwenda mimi. Benchi lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Saa nne dokta akaita, akauliza Danielle iko namna gani.

Nikabonyeza kitufe.

“Alikufa jana, docteur. Alikuwa na mimba ya miezi mbili. Minye nilijua, nikanyamaza, juu ya watu wenye kusikia. À vous.”

Nikamrudishia Alphonse kipaza sauti. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikageukia benchi, nikasema asiye na mgonjwa atoke.

Waliinuka wakatoka. Walibaki wanawake wawili wenye wagonjwa wao. Wiki moja kabla, ningekuwa kati ya waliotoka.