Hakuna Tukio

Mke wangu, Arvella Tysinger, alikufa Jumamosi asubuhi, kwenye njia panda ya machimbo ya kokoto, na karatasi ya kampuni ya bima inasema dakika ile hakukuwa na tukio. Nimeiona kwa macho yangu. Saa nne na dakika kumi na mbili, mwendo wa gari, mahali, halafu: hakuna tukio.

Nieleze kwanza kidude kilichoandika hayo. Wakala wa bima alikuja na tabasamu lake, akasema tukikubali kuchomeka kidude chini ya usukani kiangalie tunavyoendesha, tutapata punguzo. Kidogo tu, kama kiberiti. Ukikanyaga breki kwa nguvu kinalia mara tatu, na huko kwenye makao yao wanakuandikia tukio. Matukio yakizidi, punguzo halipo. Kidude hakina macho. Hakijui kama umekanyaga kwa uzembe au kulungu amekurukia mbele.

Arvella alikuwa dereva mzuri, ila mguu wake ulikuwa mzito. Wiki ya kwanza kidude kililia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mimi ndiye niliyemfundisha. Huku kwetu, Jumapili ya chakula cha kanisa kila nyumba hupeleka sufuria lake, na la maharagwe huwekwa chini garini, mbele ya kiti cha abiria; ukifunga breki ghafla, mchuzi unamwagika. Nikamwambia, "Mama, kila siku endesha kama umebeba maharagwe ya kanisani."

"Hata nikienda kununua sabuni?"

"Hata ukienda kununua sabuni."

"Haya. Siku nikikukimbiza hospitali ukafia njiani, usinilaumu, mzee. Nitakuwa nachunga mchuzi."

Tulicheka. Mwezi wa tatu alama zake zilifika tisini na saba kwa mia, akaibandika karatasi ya alama kwenye friji, mahali pa picha za wajukuu.

Lori la kokoto lilitoka barabara ya machimbo bila kusimama kwenye kibao cha kusimama. Dereva mwenyewe aliwaambia polisi kwamba alikuwa anatazama upande mwingine. Nikadhani mambo yamekwisha. Wenye lori wakaniletea fidia na karatasi ya kutia saini, inayosema hakuna aliyekosa. Nikakataa. Sikutaka pesa yao. Nilitaka itamkwe mbele ya watu kwamba Arvella hakukosea chochote, basi. Nikawashtaki.

Wakili wangu, Bi Pruett, ni binti mdogo lakini mkali. Alinionya kabla hatujaingia mahakamani.

"Mzee Harless, hapa North Carolina aliyegongwa akiwa na kosa hata la ukubwa wa ukucha, watu wake wanatoka mikono mitupu. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi. Ndiyo, hapana, sijui. Usihubiri."

"Mimi si mhubiri."

"Ukianza kuongea hushikiki, mzee wangu."

Sheria hiyo wameikalia wakubwa kule Raleigh, makao makuu ya jimbo, miaka nenda miaka rudi, wanaiona na hawaiondoi. Inawafaa nani? Si mimi niliyekata kuku kiwandani miaka thelathini na moja.

Wenye lori walikuwa wameitisha kumbukumbu za kidude, na kampuni ya bima ikazitoa bila hata kunipigia simu. Mtaalamu wao akazimulika ukutani. Maili arobaini na nne kwa saa. Sekunde iliyofuata, arobaini. Iliyofuata, thelathini na sita. Halafu namba zikaisha, lori lilishakiponda kidude. Kidude huhesabu tukio mwendo ukianguka maili saba au zaidi ndani ya sekunde moja, akasema. Kwa hiyo hakuna tukio.

Wakili wao, Gaddy, mrefu mwenye sauti laini, akawageukia watu kumi na wawili wa jopo, raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi. "Mtu akiona lori mbele yake hukanyaga breki kwa nguvu zake zote. Huyu mama alikuwa anatazama wapi?"

Nilipoitwa kizimbani akaniuliza, "Bwana Tysinger, mkeo alikuwa na tabia ya kutazama simu akiendesha?"

"Hapana."

Laiti ningeishia hapo. "Lori aliliona," nikasema. "Alikanyaga breki kama nilivyomfundisha."

Bi Pruett akaweka kalamu chini.

"Ulimfundishaje?" Gaddy aliuliza taratibu, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Nikamwaga yote. Maharagwe, mlio, tisini na saba kwa mia. Niliongea nikiwatazama wale wa jopo, na wengine wao ni wanawake ninaowajua, wanaobeba masufuria Jumapili. Walitikisa vichwa kunikubali. Nikadhani nimeshinda, nikadhani hatimaye nimewaweka watu wa bima kizimbani.

"Kwa hiyo lori aliliona," Gaddy akasema.

"Ndiyo."

"Akaamua kukanyaga breki kidogo kidogo."

"Hakuamua. Mguu ulishazoea."

"Mguu wa nani?"

Jaji akaniambia nijibu.

"Wake."

"Asante, bwana."

Wakati wa mapumziko nikamuuliza Bi Pruett, "Hawa wa bima mbona hawaulizwi kitu?"

"Hawajashtakiwa, mzee. Na mlitia saini mkataba wao."

Kweli tulitia. Kurasa saba za maandishi ya sisimizi, na mimi niliishia darasa la nane.

Jopo walipewa karatasi ya maswali. La kwanza, je, uzembe wa dereva wa lori ulisababisha kifo? Ndiyo. La pili, je, marehemu kwa uzembe wake mwenyewe alichangia kifo chake? Ndiyo. Likasomwa kwa sauti, jina lake kamili, mbele ya watu.

Kwenye ujia wa mahakama, Dorcas Whisnant, mmoja wa wale kumi na wawili, akanishika mkono wa koti. "Harless, usituchukie. Karatasi iliuliza hivyo. Mwanzoni wengine walisema hakuwa anatazama. Maneno yako ndiyo yaliyotusaidia."

"Yaliwasaidia nini?"

"Kujua kwamba aliona."

Nilimwacha amesimama. Nikaenda dirishani kwa karani.

"Kwenye swali la pili," nikamwambia, "baada ya ndiyo, nataka iandikwe kwamba mimi ndiye niliyemfundisha."

Akaitazama karatasi. Akaigeuza, akaigeuza tena. "Hapa hujibiwa ndiyo au hapana tu, bwana."

"Na nyuma?"

"Nyuma hakuna anayesoma."

Akaigonga muhuri, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.