Sampuli Iliyonukia Maua

Walimwita Theluji, ingawa theluji yenyewe hakuwahi kuiona hata siku moja. Ila mashati meupe yaliyotoka mikononi mwa dobi huyu yalikuwa yanaumiza macho, na jina likamganda kama wanga kwenye kola.

Asubuhi hiyo alikuwa anamgombeza mwalimu mmoja aliyeleta shati lenye doa mfukoni.

"Umelisugua?"

"Kidogo tu, na sabuni ya kipande."

"Na maji ya moto?"

Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Mwalimu wangu, doa ni shahidi. Ukimpiga kabla hajasema, mimi nitajuaje kama ni wino, chai au damu? Kila moja ina dawa yake. Siku nyingine niletee lilivyo, na uchafu wake wote."

Mtu akapiga makofi mlangoni. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na kwapani amebana kisanduku cheupe.

"Maneno mazito hayo, shemeji. Yaweke karibu, maana umesahau mzigo wako kliniki."

Theluji hakusahau. Wiki iliyopita shemeji huyo alikuwa amemburuta hadi kwa muuguzi, kwa kuwa miaka hamsini alishaipita na hajawahi kupimwa saratani ya utumbo. Muuguzi alimuuliza kama anaumwa, kama kuna ndugu wa damu aliyepata saratani hiyo, yote hapana. Basi, akasema, kipimo cha choo kinamtosha. Ukuta wa utumbo mpana hujichubua kila siku, na chembe zake hutoka na choo. Uvimbe ukianza, vinasaba vilivyomo ndani ya chembe hizo hubadilika, hata kabla mtu hajasikia maumivu. Maabara huvisoma, na hutafuta pia damu isiyoonekana kwa macho. Hakuna sindano wala kisu. Theluji aliitikia kwa adabu, kisha akakiacha kisanduku cha kuwekea sampuli chini ya benchi la kliniki.

"Yaani binti wa watu akifungue kile chombo? Changu mimi?" Theluji alinong'ona, baada ya mwalimu kuondoka. "Aibu gani hiyo!"

"Hutaki afungue chombo, unangoja wakufungue tumbo?"

Theluji akajitia kukunja shuka. Shemeji akasogea, na utani ukamtoka usoni.

"Mume wangu aliona damu chooni mwaka mzima, akanyamaza. Aibu. Alipofika hospitali ugonjwa ulishahamia na vitanda vyake. Mimi nimeshazika mmoja kwa aibu, shemeji. Wa pili simziki."

Marehemu alikuwa mpinzani wa Theluji kwenye drafti, na ubao wao bado ulikuwa juu ya kabati la pasi. Theluji akakichukua kisanduku.

Kesho yake alifanya alivyoelekezwa, akamimina na kimiminika cha kuhifadhia kilichokuwa kisandukuni. Kisha akanusa. Hapo ndipo udobi ulipomponza. Tangu aanze kazi hakuwahi kumkabidhi mtu mzigo unaonuka! Akatazama kushoto, akatazama kulia, akadondosha klorini. Akaona haitoshi, akaongeza kilainishi cha mashuka. Akafunga, akafuta chombo kikang'aa, akakipeleka kliniki kifua mbele kama anapeleka suti ya bwana harusi.

Simu ilipoita, mikono yake ilikuwa ndani ya povu. Mkewe akaiweka kwenye spika, shemeji naye yupo, anakunja taulo.

"Mzee wangu, samahani," alisema muuguzi. "Sampuli yako uliiongezea kitu? Maabara hawajaweza kusoma chochote. Halafu... inanukia maua."

Mkewe akaiweka pasi chini polepole. "Baba watoto!"

"Tone la klorini tu! Na kilainishi kidogo. Nisingeweza kuipeleka vile!"

"Klorini imevikatakata vinasaba vyote, mzee. Itabidi urudie." Muuguzi alijikaza, kisha kicheko kikamshinda, na mkewe akadaka, wakachekea simu moja.

Shemeji peke yake hakucheka.

"Doa ni shahidi," alisema taratibu. "Ukimpiga kabla hajasema..."

"Basi, shemeji. Nimesikia."

Mara ya pili alibana pua, akafunga kifuniko, akatoka mbio.

"Nimeileta ilivyo," alimwambia muuguzi, macho dirishani.

Jibu lilirudi na alama ya hatari. Muuguzi akamweleza kwamba hilo halikuwa tamko la saratani. Lilikuwa linadai kamera iingie utumboni kuchungulia. Theluji akanywa dawa ya kusafisha tumbo, akahamia chooni usiku kucha.

"Leo dobi amejifua mwenyewe," mkewe alimwambia kupitia mlango. "Suuza vizuri!"

Daktari alikuta kinyama kidogo kama punje ya dengu, akakitoa palepale, akakituma kupimwa. Siku za kungoja, Theluji alipiga pasi soksi, alipiga pasi hata vitambaa vya kufutia meza.

Simu ilipoita, safari hii aliiweka kwenye spika mwenyewe. Kinyama hakikuwa kimegeuka saratani, muuguzi alisema. Kingeachwa miaka kadhaa, huenda kingegeuka. Sasa kimekwisha kutoka. Arudi tu kuchunguzwa kwa tarehe atakayopewa.

Mkewe akapiga kigelegele. Shemeji akataka kupiga chake, kikatoka kilio. Akanyakua nguo ya kwanza iliyokuwa karibu, akajifutia uso.

"Shati la mwalimu!" mkewe akapiga ukelele.

Mfuko mweupe ulikuwa umeingia weusi. Shemeji, kwa haya, akalowesha kidole mate, akaanza kufikicha.

"Usilisugue!" Theluji aliruka. "Niachie lilivyo."

Akalipokea shati kwa mikono miwili, akaliinua mwangani, akalisoma bila haraka.

"Wanja," alisema, "na machozi. Dawa yake naijua." Akaliweka kando, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha ubao wa drafti. "Kaa hapo, shemeji. Nikufunge kwanza."