Mashuka ya Wageni

Mashuka meupe yalitolewa kabatini asubuhi na mapema, yale yasiyolaliwa na mtu. Mama yake Chiriku alitandika kitanda chake, akavuta pembe mpaka zikanyooka, kisha akajitupia mtandio begani.

"Wapi huko?" Bibi Funguo, msimamizi wa nyumba ile ya wazazi waliotoka mbali kutibisha watoto, aliziba mlango kwa mwili wake wote.

"Wodini, bibi. Leo ndiyo zamu ya mwanangu kupasuliwa. Bila mzazi hawamwingizi."

"Waliotujengea nyumba wanakuja. Kila mama akae kitandani kwake waone."

"Nakwenda mara moja tu, bibi yangu."

"Nenda. Ila ukirudi usiulize begi lako. Pale barazani wamejaa wenzako wanakimezea mate hicho kitanda."

Hapo alimshika pabaya. Baada ya kupasuliwa kuna dawa za miezi, na mtoto hana mwingine mjini. Kwao hata nauli ya kurudia hakuna. Cherehani iliyowalisha wote iliuzwa ndipo wakafika huku. Akaketi.

Waliambiwa wageni watafika asubuhi. Asubuhi ya nani, jamani? Jua lilipanda, akina mama wakakaa wima kwa kuogopa kukunja shuka. Chiriku alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, ndivyo daktari alivyotaka. Mtoto yule mdomo haumlali, manesi wenyewe humwomba apumzike, lakini jana aliuliza neno moja tu: "Utakuwepo?" Naye mama akaapa kabisa. Alitamani ardhi immeze.

Wageni waliingia mchana, wakicheka, wakishika mikono ya kila mtu. Mmoja akamwelekezea mama yake Chiriku kamera.

"Na mtoto yuko wapi?"

"Wodini."

"Basi vizuri umepata nafasi ya kupumzika! Tabasamu kidogo, mama."

Bibi Funguo alikuwa akimtazama. Mama akatabasamu. Akapewa pakiti ya biskuti.

Wageni walipotoka tu, alikimbia mpaka ndara ikamkatikia njiani. Wodini nesi hakumfokea, na heri angemfokea.

"Tumekungoja mpaka basi, mama. Daktari kamchukua mtoto mwingine."

"Basi kesho?"

"Kesho kuna wa kesho. Tutakuita."

"Lakini uvimbe unakua, dada! Mlisema wenyewe usicheleweshwe."

"Najua," nesi akasema, akainamisha macho. "Tutakuita."

Chiriku alikuwa ameketi ndani ya gauni la upasuaji lililomzidi, midomo imemkauka. Hakulia wala hakuuliza mama alikuwa wapi.

"Kwa hiyo sasa naweza kula?"

Mama akapasua pakiti. Mtoto akala biskuti moja baada ya nyingine, kimya, akizitafuna upesi kama anayeogopa kunyang'anywa.

Jioni Bibi Funguo alipita kitanda kwa kitanda akitandua mashuka. Alipofika kwa mama yake Chiriku alimsimamisha, akavuta shuka, akalikung'uta vizuri.

"Umeona sasa?" akasema. "Kitanda chako hiki hapa, hakuna aliyekigusa." Akaenda kufunga kabati.