Upekuzi wa Pili

Kila ninapomtaja Bi Ludmiła Gawron huanza kwa kumshukuru, na sababu yake ni hii.

Kwa siku tisa tulikuwa tukilizoesha nguvu tungi jipya la shaba, lile ambamo mawimbi husukuma chembe, katika mtambo wetu wa kuongezea chembe kasi. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Mawimbi ya redio huingizwa tungini kidogo kidogo. Cheche ikiruka, nguvu hushushwa, ombwe la ndani huachwa litulie, ndipo hupandishwa tena.

Ilikuwa Alhamisi ile ambayo Poland nzima hula maandazi ya jamu kabla ya Kwaresima. Bi Ludmiła, mwendeshaji wetu, alilipekua handaki la tungi kuhakikisha hamna mtu, akafunga mlango, akarudi kwenye meza ya mitambo. Mimi nikakumbuka bomba la maji ya kupoza lililokuwa likidondoka. Nikachukua spana, nikaingia. Ufunguo wangu niliuacha ubaoni, ingawa kila aingiaye hubeba wake, na mmoja ukikosekana nguvu haiwaki. Nilijiambia kwamba leo mwali wa chembe haupo. Hatari itoke wapi? Mlango ukajifunga nyuma yangu.

Ya mezani nilisimuliwa baadaye. Taa ya upekuzi, ambayo huwaka handaki likishapekuliwa na huzimika mlango ukifunguliwa, ilikuwa imezimika.

"Mlango umetikisika tu," alisema Daktari Ziemowit, mkuu wetu. "Si umepekua sasa hivi? Iruke hiyo taa, uwashe."

"Taa ikizimika, natembea handaki lote upya."

"Bi Ludmiła! Hata mama mkwe wangu hakagui jiko langu mara mbili."

"Ndiyo maana hajui unachoficha. Nakwenda."

Alinikuta nimepiga magoti nyuma ya tungi.

"Gerwazy! Unafanya nini humu, bwana wee?"

"Bomba tu, Bi Ludmiła. Dakika moja. Na mwali wenyewe leo haupo."

"Mwali, mwali! Nani kakwambia tungi linangoja mwali? Nguvu ikipanda, shaba yenyewe inatema elektroni, zinagonga ukuta, eksirei hizo! Toka, kabla sijakuvuta sikio!"

Hayo nilikuwa nimefundishwa chuoni, na mtihani wake nilifaulu vizuri.

Alinitoa, akatembea tena hadi mwisho wa handaki, akabonyeza kitufe cha ukutani cha kuthibitisha upekuzi, akafunga. Taa ikawaka. Kisha akaanza kupandisha nguvu, hatua kwa hatua, nami nikasimama nyuma ya kiti chake. Kilichonishika macho ni kipimo cha mionzi kilichofungwa karibu na lile bomba. Kwa saa nzima kilisoma sifuri. Saa sita mchana kikaanza kupanda, na kikazidi kupanda, pale pale nilipokuwa nimepiga magoti, bila mwali hata mmoja.

"Asante, Bi Ludmiła," nilisema.

Hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye skrini.

"Haya, nimesikia. Sasa nyamaza, tungi linapokea nguvu."